Kivuli cha Kuazima

Saa sita na nusu mchana kengele ya kiwanda cha kufulia ililia. Mashine kubwa zikazimwa moja baada ya nyingine, na watu wakatoka kwenye mvuke wakijifuta nyuso kwa pindo za aproni. Ndani ya kantini, mahali ambapo pasi mbovu ilikuwa imesimama kwa miaka mingi, wakuu walikuwa wameweka mashine ya gemu. Ilikuwa kama kabati refu lenye kioo usawa wa uso, na kila upande kijiti kimoja na vitufe vinne. Meneja alisema ni ya kuwapumzisha wafanyakazi. Wafanyakazi walisema viti vingewapumzisha zaidi, lakini walicheza.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kupigana. Unachagua mtu wako, mwenzako anachagua wake, mnapigana mpaka mstari wa uhai wa mmoja uishe au muda uishe. Kulikuwa na Bondia, kulikuwa na Fahali, kulikuwa na mzee wa minyororo na binti wa mapanga. Na kwenye kona ya chini kabisa kulikuwa na mwanamke mwembamba aliyeitwa Pacha, ambaye kivuli chake kilipigana mbali naye. Huyo hakuna aliyemchagua. Aliyemgusa kwa bahati mbaya alichekwa mpaka kengele ya kurudi kazini.

Bi Ncha alitazama kwa miezi mitatu bila kugusa. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimrushia shuka mbichi iliyojisokota kama kamba, alikutolea ncha zake nne macho yakiwa kwingine. Kazi yake ilikuwa kukunja. Kukunja shuka za hospitali ni kazi ya watu wawili, na mwenzake kwa miaka kumi na tisa alikuwa Bi Cheko, mama mnene aliyeburuta kisigino cha kushoto na kujifuta pua kwa kifundo cha mkono, na ambaye kicheko chake kilisikika juu ya mashine ya kukamulia. Walikunja kwa hesabu ya nne. Moja, mnavuta shuka ikaze. Mbili, mnakunja. Tatu, mmoja anamwendea mwenzake. Nne, anayengoja anapokea ncha na anayeleta anaachia. Ukiachia mapema shuka inaanguka. Ukichelewa vidole vinagongana. Wengine walihesabu kwa sauti. Hao wawili walikuwa wameacha kuhesabu tangu mwaka wa kwanza.

Kwenye ukuta wa kuingilia palikuwa na ubao wa usalama kazini. Katikati ya ubao, ndani ya kioo, ilikaa picha ya marehemu mume wa Bi Ncha, aliyekuwa fundi wa boila, tangi la kuchemshia mvuke wa mashine, amevaa shati jeupe na kutabasamu kidogo. Chini yake paliandikwa: HUYU ALIFUNGA VALVU YA USALAMA KWA WAYA. BOILA IKAPASUKA. USIWE KAMA HUYU. Picha hiyo aliitoa Bi Ncha mwenyewe, siku ofisi ilipomwomba picha ya marehemu, akidhani ni ya kumkumbuka.

Miaka minne alipita mbele yake kila asubuhi. Alimsalimia moyoni, akamwombea kwa Mungu, akaingia kazini. Mume wake alikuwa mtu wa kukagua fundo la kamba kabla ya kuanika shati moja. Bi Ncha hakuamini hata siku moja kwamba mtu huyo alifunga valvu kwa waya. Lakini ripoti ilikuwa na saini za mashahidi wawili. Aliomba kuiona mara mbili. Mara ya kwanza ufunguo wa kabati haukuwepo, na mara ya pili kabati lenyewe halikuwepo.

Wakati wa msiba Bi Cheko ndiye aliyehamia kwake wiki nzima, akimlisha kwa kijiko kama mtoto. Kaburini alimshika mkono mpaka udongo ukaisha. Mwana wa pekee wa Bi Cheko, mtu mzima mwenye ndevu na kidole gumba kifupi cha mkono wa kulia, alikuwa msaidizi wa marehemu, na baada ya msiba akapewa nafasi yake. Bi Ncha alimkabidhi funguo za marehemu kwa mkono wake, pamoja na ovaroli moja iliyokuwa bado nzima.

Ndipo likatoka tangazo. Siku ya kampuni kutakuwa na mashindano ya gemu, na mshindi atatimiziwa ombi moja lolote, lisilohusu mshahara, likizo wala vyoo. Bi Ncha alilisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akalisoma tena. Kesho yake mchana alisimama mbele ya mashine, akasema sala fupi, akamchagua Pacha.

"Bi Ncha, utaumbuka," alisema Mpigapasi, bingwa wa kantini, aliyecheza na Bondia na hakuwa amefungwa na mtu. "Huyo mgonjwa. Hata gemu yenyewe haimtaki."

"Kwani nimekuomba unibebee?"

"Chukua hata Fahali. Fahali anapigana mwenyewe, wewe unamshikia mkoba tu."

"Mkoba ninao wangu."

Alifungwa kwa sekunde kumi na moja. Bi Cheko alicheka mpaka akakaa juu ya kreti, kisha akamletea maji ya kunywa.

Ugumu wa Pacha ulikuwa huu. Kijiti kilimwendesha mwanamke, na vitufe vilikuwa vya kivuli. Wapiganaji wengine ukiwabonyeza wanapiga. Pacha ukibonyeza, kivuli kinasimama kilipo na kungoja. Ukiachia, ndipo kinapiga. Kwa hiyo mkono wa kushoto unamkimbiza mwanamke asipigwe, mkono wa kulia umeshikilia kivuli, na ushindi wote uko katika kujua lini uachie. Watu walibonyeza kwa hasira, kivuli kikangoja kwa utii, na mwanamke akapigwa kama mkeka. Bi Ncha alikuwa ameliona hilo katika miezi yake mitatu ya kutazama, na alikuwa mtu wa kuachia kwa wakati tangu miaka kumi na tisa iliyopita.

Lakini alikuwa na kosa moja, kosa la mkunjaji. Kila alipofika nne, mikono yake ilitoka kwenye mashine na kujinyoosha mbele, ikingoja kupokea ncha. Hapo Bondia alimkuta hana mlinzi na kumlaza chini. Kantini ilicheka, naye akarudisha mikono yake, na kwenye nne iliyofuata ikatoka tena. Alijaribu kuizuia kwa kukaza viwiko. Alijaribu kuhesabu mpaka tano. Mikono ikafanya yale iliyoyazoea.

Wiki ya tano aliacha kushindana nayo. Alifika nne, akaiacha ijinyooshe, na kivuli kikaja chenyewe kutoka mwisho wa uwanja bila kuguswa na mtu, kikampiga Bondia mgongoni mara tatu mpaka mstari wake ukaisha. Kilikuja kikiburuta kisigino cha kushoto. Kilipomaliza kilijifuta pua kwa kifundo cha mkono.

Watu walitazama kioo, kisha wakatazama sakafu chini ya Bi Cheko. Palikuwa peupe.

"Ni changu," alisema Bi Cheko. "Nilijihisi mwepesi tangu Jumanne, nikadhani ni dawa ya presha."

"Nikurudishie?" aliuliza Bi Ncha.

"Kitumie, mwenzangu. Humu ndani taa ni nyingi, sina haja nacho. Ukishinda utanirudishia. Ila usikipigishe sana, kina magonjwa yangu yote."

Watu wakacheka, kengele ikalia. Karani wa mahudhurio alipita alasiri, akaandika pembeni ya jina la Bi Cheko: kivuli kimeazimwa.

Tangu hapo Bi Ncha alianza kufunga. Alimfunga mpokea nguo chafu, akamfunga dereva wa gari la hospitali, akamfunga msimamizi wa zamu, ambaye alisema kijiti cha upande wake kililegea. Kila siku alijifunza jambo. Alijifunza kwamba kivuli kikiwa nyuma ya adui ni bora kuliko kikiwa pembeni yako. Alijifunza kumwacha mwanamke apigwe kidogo ili kivuli kifike. Bi Cheko alisimama nyuma yake na kumshangilia, na mchana baada ya mchana alimpa ushauri uleule.

"Omba viti, mwenzangu. Miguu yangu inakuombea."

"Tutaona Mungu atakavyopanga," alijibu Bi Ncha. Ombi lake alikuwa hajamwambia mtu.

Siku tano kabla ya mashindano, wenzake walitoka kuota jua na yeye akabaki kucheza na mashine yenyewe. Alifika nne, akanyoosha mikono, na kivuli hakikuja. Kilitembea polepole mpaka ukingo wa uwanja, kisigino kikiburuta, kimebeba bakuli la chakula lililofunikwa. Kilisimama kama mtu aliyefika mlangoni. Mbele yake ilitokea mikono miwili iliyokuwa ikizungusha waya kwenye valvu na kuukaza, na mmoja wa mikono hiyo ulikuwa na kidole gumba kifupi. Kivuli kilitazama kwa muda. Kisha kikaweka bakuli chini, kikaketi, kikalamba kidole, kikafunua karatasi na kusaini. Ile saini Bi Ncha aliijua, duara na mkia kama kiluwiluwi, maana aliiona kila mwisho wa mwezi kwenye daftari la mahudhurio. Halafu kivuli kikasimama, kikarudi kupigana, na muda ukaisha.

Kengele ilipolia Bi Ncha alirudi kwenye meza ya kukunjia. Shuka mia moja na sitini zilikuwa zinawangoja.

"Kivuli chako leo kimegoma kupigana," alisema, wakivuta.

"Kimechoka. Hata mimi mgongo unaniuma." Wakakunja.

"Kilipeleka chakula cha mwanao mpaka mlango wa boila, kikasimama pale."

Bi Cheko alikuwa tayari anakuja na ncha zake. Hakupunguza mwendo. Alimfikia, akazitoa, Bi Ncha akapokea, na hakuna kilichoanguka. Walichukua shuka nyingine. Walikunja tisa kabla mmoja wao hajasema tena.

"Kivuli hakijui kutunza siri," alisema Bi Cheko. "Ningejua nisingekuazima."

"Ulimwona akifunga ule waya."

"Nilimwona. Alitaka mvuke uzidi, shuka zikauke upesi, msimamizi alikuwa anamkaripia kila siku mbele za watu. Hakuwa na nia mbaya."

"Na mume wangu?"

"Aliugundua, akaenda kuufungua. Ndiyo maana alikutwa ameushika."

"Ukasaini kwamba yeye ndiye aliyeufunga."

"Wako alikuwa ameshakufa, mwenzangu. Wangu yuko hai. Mungu angekuweka wewe pale mlangoni, ungefanyaje?"

"Mungu aliniweka kaburini. Na wewe ulikuwepo, umenishika mkono."

"Nilikushika kweli," alisema Bi Cheko. "Mkono ule haukuwa wa uongo."

Bi Ncha aliamini kwamba haukuwa wa uongo. Angeweza kuuvumilia uongo, kwa sababu uongo una mwisho, ukishaujua unautema. Sasa alikuwa na wiki nzima ya kulishwa kwa kijiko, na kijiko kilikuwa cha kweli, na mkono uliokishika ndio uliosaini. Hakujua aiweke wapi. Alikunja shuka zilizobaki, akazihesabu, akazifunga kwa kitambaa cha hospitali.

Walipokuwa wanavua aproni Bi Cheko alimuuliza, "Ukishinda utaomba nini?"

"Unajua."

"Basi nirudishie kivuli changu."

"Kichukue."

Kesho yake Bi Cheko alisimama mbele ya mashine na kukiita. Alikiita kwa jina lake la kazini, kisha kwa jina la nyumbani, kisha kwa jina ambalo mama yake alimwitia alipokuwa mdogo, ambalo kantini haikuwahi kulisikia. Kivuli kilimtazama kama mtu anavyomtazama jirani aliyehama zamani. Hakikutoka. Mpigapasi, aliyekuwa akingoja zamu yake, alimwomba asogee.

Siku ya kampuni watu sitini walijaa kantini. Wakuu watatu walikaa kwenye viti vilivyoletwa kutoka ofisini, na viti vitarudishwa, alisema karani, kwa hiyo wasivimwagie chai. Mwana wa Bi Cheko alisimama kwenye mlango wa kwenda kwenye boila, amevaa ile ovaroli. Bi Ncha alimfunga dereva, akamfunga msimamizi tena, na fainali ikawa yeye na Mpigapasi.

Raundi ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili Mpigapasi alimsukuma Pacha kwenye kona na hakumwacha apumue. Ya tatu walikwenda sawa, kipigo kwa kipigo, mpaka mistari yote miwili ikabaki nyekundu, wa Bi Ncha mrefu kwa upana wa uzi. Zilibaki sekunde ishirini. Bi Ncha alifika nne. Mikono yake ikajinyoosha.

Kivuli kilikwenda ukingoni na bakuli lake. Kilisimama mlangoni. Mikono ikatokea na waya, na kidole gumba kifupi, kikubwa mara kumi kwa sababu kioo kilikuwa kimeunganishwa na turubai jeupe la ukutani ili wote waone. Kivuli kikaketi na kusaini. Mpigapasi alikuwa ameondoa mikono yake kwenye vitufe, kwa sababu si adabu kumpiga mtu anayeandika. Muda ukaisha. Mashine ikatangaza kwamba Pacha ameshinda.

Meneja alipiga makofi, na watu wakapiga makofi kwa kumfuata.

"Haya, mama. Ombi lako."

"Naomba ile picha ya mume wangu itolewe ubaoni," alisema Bi Ncha. "Na maneno yake. Mmeona wenyewe aliyefunga waya."

Meneja aliinama kwa wenzake wawili, wakanong'ona. Akamtuma karani. Safari hii kabati lilikuwepo na ufunguo wake ulikuwepo. Ripoti ililetwa ikiwa na vumbi, na Meneja akaisoma mpaka ukurasa wa mwisho.

"Mashahidi ni wawili, fundi wa boila wa sasa na mama yake," alisema. "Mama, njoo hapa. Hii ni saini yako?"

Bi Cheko alikuja akiburuta kisigino. Chini yake sakafu ilikuwa nyeupe. "Ni yangu."

"Tumeona kilichoonekana kwenye turubai. Lakini turubai si karatasi. Karatasi inafutwa na aliyeisaini. Unaifuta?"

Kila mtu alikuwa ameona. Watu sitini walitazama ndani ya vikombe vyao, na vikombe vingi vilikuwa vitupu. Bi Cheko alitazama mlango wa boila, ambako mwanawe alikuwa akikwaruza rangi ya mlango kwa kucha. Kisha alimtazama Bi Ncha, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

"Ni saini yangu," alisema tena. "Iacheni."

"Basi," alisema Meneja. "Ombi haliwezi kupingana na ripoti. Omba jingine, mama."

"Sina jingine."

"Hata kidogo?"

"Nilikuja na hilo."

Kwa kuwa zawadi ya kampuni hairudi ofisini, ombi lilipewa mshindi wa pili. Mpigapasi alikuna kichwa, akaomba viti. Vililetwa Alhamisi, ishirini na vinne, vya plastiki, na watu walivifurahia. Bi Cheko alimwachia Bi Ncha kile kisichoyumba.

Kivuli kilibaki kwenye mashine. Baada ya wiki mbili karani alikifuta pembeni ya jina la Bi Cheko, akakiandika kwenye orodha ya mali ya kantini, kati ya jagi na saa ya ukutani. Siku nyingine mchana, hakuna anayecheza, kilionekana kikipeleka bakuli mlangoni, kikisimama, kikiketi kusaini. Waliokuwa wanakula waliinua macho, kisha wakaendelea kula. Mwana wa Bi Cheko alihamishia chakula chake kwenye chumba cha boila, akisema kantini kuna kelele.

Bi Ncha aliomba abadilishiwe mwenzake wa kukunja. Msimamizi alipekua orodha, akasema wakunjaji wote wana wenzao, na pia hakuna jozi nyingine inayofikia shuka mia tatu kwa siku. Kwa hiyo walikunja pamoja. Ila sasa walihesabu kwa sauti, kama wageni.

Jumatatu moja asubuhi walifika mlangoni wakati mmoja. Kwenye ubao, chini ya picha ya marehemu, palikuwa na tangazo jipya, limepigwa chapa na kuwekewa kioo chake. Mwishoni kulikuwa na saini ya Meneja, na pembeni yake, kwa niaba ya wafanyakazi, duara na mkia.

Bi Cheko alisimama, akapapasa mkoba wake. "Miwani nimeiacha nyumbani," alisema. "Waliniletea nikiwa na sabuni mikononi, nikatia saini tu. Limesemaje, mwenzangu?"

Bi Ncha alimsomea, polepole, kama alivyofundishwa shuleni, akipumzika kwenye kila nukta. "Ni marufuku kivuli cha mfanyakazi yeyote, aliyepo au asiyekuwepo, kutoa ushahidi ndani ya saa za kazi. Kitakachokiuka, mwenyewe atawajibika."

"Hilo tu?"

"Hilo tu la chini. Nikusomee na la juu?"

Watu walikuwa wanapita kuingia kazini, wakiwasalimia wote wawili. Bi Cheko alijifuta pua kwa kifundo cha mkono, akafunga mkoba wake.

"La juu usijisumbue," alisema. "La juu nalijua."